Ndoo ya Bi Mwamini

Hii nawapeni mkae nayo, kwa sababu Mama Saumu mwenyewe imemshinda, na Mama Saumu si mtu wa kushindwa ovyo.

Alikuwa na watoto watatu wakubwa na nyumba ya vyumba viwili, katika mji mdogo wa milimani huko Usambara. Saumu, wa kwanza, alikuwa akisoma elimu ya jamii chuoni. Likizo moja akarudi na kitabu kinene cha wazee watatu wa Ulaya waliokufa zamani, ambao maisha yao yote walijiuliza watu wanaishije pamoja. Jioni, wakipukuchua mahindi, aliwasomea wadogo zake, na kila mmoja akajichagulia mzee wake kama watu wanavyochagua timu ya mpira.

Saumu alimpenda mzee aliyeuliza: ni kitu gani kinawaunganisha watu, na kikikatika inakuwaje? Kipaji chake kilikuwa kumkumbuka asiyekuwepo. Mpeleke harusini, atakwambia nani hakuja.

Abedi, aliyekuwa akifua mashuka katika nyumba ya wageni, alimchukua aliyeuliza: nani anatoka jasho, na nani anakula? Kipaji chake kilikuwa kuona mikono iliyo nyuma ya kila kitu. Hanywi chai mpaka awataje wachuma majani.

Mwanvita, karani wa ofisi ya kata, alibaki na wa tatu: mtu anapofanya jambo ana nini kichwani, na amri anayoifuata imetoka wapi? Yeye alikuwa akisoma matangazo ya ukutani mpaka sahihi ya chini kabisa.

"Hao wazee wenu," mama yao aliwaambia, "wangepukuchua hata debe moja ningewaheshimu."

Sasa, mtaa wao ulikuwa na bomba moja. Zamani kila mwanamke alipanga ndoo yake kwenye foleni akaenda zake, na ndoo ilisimama badala yake. Ya Bi Mwamini, shangazi wa watoto hawa, ilikuwa ya njano, imefungwa kitambaa chekundu mpinini. Ndoo ikifika mbele na mwenyewe haonekani, mtu alitumwa kwenda kumwita. Kisha likaja bomba la kadi. Unagusisha kadi, maji yanatoka, unaondoka. Foleni ikafa. Mama Saumu alishukuru, maana miguu ilikuwa ikimuuma.

Bi Mwamini alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Kadi yake ilikuwa na jina la marehemu mumewe, na Jumatatu moja ikafungwa, kwa kuwa aliyeandikwa amefariki. Hakutaka kumsumbua mtu. Akashuka mtoni na ndoo yake, akateleza, akaumia nyonga. Alijikokota mpaka ndani akaufunga mlango kwa mguu.

Alhamisi asubuhi Saumu alikuwa bombani na mama yake. Akaangalia kulia na kushoto.

"Mama, ndoo ya njano sijaiona tangu Jumatatu. Nani kamwona shangazi?"

"Si wewe unayempelekea maji?"

"Mimi? Nilidhani wewe."

Wakawauliza wengine. Kila mmoja alidhani mwenzake amemwona. Mama Saumu akaitua ndoo yake. Alikuwa amepita mlango ule mara mbili, akasema atamsalimia wakati wa kurudi, na wakati wa kurudi alikuwa na kuni kichwani.

Saumu hakungoja. Alikimbia, akausukuma mlango, akamkuta shangazi yake mkekani, midomo imepasuka, mtungi mkavu.

"Umechelewa chai," Bi Mwamini alisema, kwa sauti iliyosikika kwa shida.

Hospitali ilikuwa mbali, na gari la karibu lilikuwa moja tu, pikapu ya Mzee Kilua, mwenye nyumba ya wageni. Mzee alikataa. Gari linasubiri wageni saa nne. Abedi hakumbembeleza. Alizunguka uani kwa mpishi, mpiga pasi na mtunza bustani.

"Jamani, mtaro wa bomba linalojaza tangi hili ulichimbwa na nani kama si sisi? Na uji tuliokunywa siku kumi na moja alitupikia nani? Huyo mama ndiye amelala pale."

Mpishi akaepua kikaango. Pasi ikachomolewa. Haukupita muda wageni wakaanza kuulizia kifungua kinywa, na Mzee Kilua akatoka nje mbio.

"Mnanigomea kwa ajili ya bibi kizee?"

"Ndiyo, mzee," mpishi akajibu, "na mayai bado mabichi."

Funguo za gari zikatoka.

Hospitalini karani wa mapokezi alitazama kitambulisho, akatazama daftari. Majina hayafanani. Kitambulisho kina jina la baba, daftari lina la mume. Waende wilayani wakarekebishe kwanza. Mama Saumu alishavuta pumzi ya kupiga kelele, Mwanvita, aliyepanda gari pamoja nao, akamfinya mkono.

"Kaka yangu," akasema, "ukimpokea hivi, nani atakugombeza?"

Karani aligeuka akatazama mlango wa ofisi. "Msimamizi. Mwezi uliopita mwenzangu alihamishwa."

"Basi tumsome msimamizi mwenyewe." Mwanvita alifunua kalenda iliyoning'inia juu ya tangazo nyuma ya kiti cha karani. Mzee mwenye hali mbaya apokewe kwanza, karatasi zifuate ndani ya siku saba. Chini, sahihi ya msimamizi. "Andika namba ya tangazo hili kwenye daftari lako. Hapo umekingwa."

Karani aliandika.

Daktari aliwaambia kwamba maji yalikuwa yamemwisha mwilini. Wangefika mchana, wangezungumza mengine.

Siku ya tatu Bi Mwamini alikaa kitandani, akamshika Mama Saumu mkono.

"Wifi, mimi kulala peke yangu basi. Nipe mmoja wa watoto ahamie kwangu. Chumba cha uani chake, na siku nikifa nyumba ni yake. Mmoja tu. Wawili watagombana, na watatu wataniua kabla ya siku zangu."

"Mchague wewe, wifi."

"Nawapenda wote, nitawezaje? Wewe ndiye unayejua nani anakoroma."

Watoto waliposikia, maneno yakaanza palepale barazani.

"Bila mimi mngejua siku ya maziko," alisema Saumu.

"Ukishajua, ungembeba mgongoni?" Abedi alimcheka. "Na hiyo nyonga?"

"Mngembeba," Mwanvita akasema, "mkamlaza kwenye benchi la mapokezi mpaka jioni."

"Na mama je?" Saumu aliuliza, akitaka kumwingiza upande wake.

"Mimi nilipita mlangoni mara mbili," alisema Mama Saumu.

Anawajua wote. Saumu hatamsahau shangazi yake hata akiwa mbali, na baada ya wiki tatu atakuwa mbali kweli, chuoni. Abedi atakuwepo kila siku, kwa kuwa Mzee Kilua amemwachisha kazi Jumamosi. Lakini kila atakayepita uani kwa Bi Mwamini ataulizwa ameshachimba mtaro gani. Mwanvita ameshaanza kuifuatilia kadi ya maji iandikwe jina la shangazi, ila ni mtu wa kumbandikia ukutani ratiba ya kunusa ugoro. Ungemtoa mmoja kati yao katika ile Alhamisi, ungemkuta Bi Mwamini kaburini. Mama Saumu amejaribu kuwatoa mmojammoja, huku akifua kanga za mgonjwa, na kila mara jibu ni lilelile.

Kesho asubuhi Bi Mwamini anaruhusiwa kutoka. Ndoo ya njano imeoshwa, kitambaa chekundu kimefungwa upya. Mama Saumu ameishika mpini, na watoto watatu wamesimama mbele yake. Yule atakayempa atatangulia kwa shangazi, ateke maji na kuwasha moto.

Haya, nimefika nilipofika. Ninyi mliokaa hapa mkasikia, mkubwa na mdogo: ndoo ingekuwa mkononi mwako, ungempa nani?