Kwa Nini Ukungu Hutua Kirindi

Zamani mlima wa Kirindi ulikuwa mkavu kama gamba la kobe. Ninyi mnaoujua leo, ukiwa na migomba hadi kwenye majabali na maharage yanayotambaa mpaka juu ya mabanda ya mbuzi, mtadhani nawatania. Siwatanii. Enzi hizo Ukungu alipanda kila alfajiri kutoka upande wa bahari, akafika kwenye pengo lililo juu ya kijiji, akapenya na kuteremkia ng'ambo ya magharibi na mzigo wake wote wa maji. Hakutua Kirindi hata siku moja. Watu walimtazama kama wanavyomtazama mgeni wa jirani, wakaendelea na shughuli zao.

Nao walikuwa watu wa kazi kwelikweli. Hata waliowachukia walilikiri hilo. Walikuwa na chemchemi moja tu, karibu na pengo lile, na chini yake ndiva, bwawa dogo walilolijenga kwa mawe na udongo ulioshindiliwa kwa miguu. Usiku ndiva ilijaa, asubuhi ilifunguliwa, maji yakafuata mfereji hadi mashambani. Mfereji ule ulisafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na msaragambo ulikuwa na sheria mbili. Mpita njia akiwakuta watu wawili au zaidi kazini, hapiti mpaka ashiriki. Na aliyeshiriki leo sharti arudi kesho, na keshokutwa, mpaka kazi iishe. Bwana harusi mmoja aliwahi kuzoa tope na nguo zake za harusi huku bibi harusi akimngoja, na kesho yake akarudi kuendelea. Alichelewa kidogo, wakamsamehe.

Ukaja mwaka ambao vuli haikunyesha kabisa, na masika ikanyesha siku tatu tu. Chemchemi ikabaki kudondosha tone moja moja. Wazee wakakaa, wakakata shauri: siku ya nne watu wote washuke tambarare, kwenye mto, na mlima waachiwe nyani. Hakuna aliyefurahi, lakini kiu haina mjadala.

Katika kijiji hicho aliishi mjane aitwaye Nakijwa, pamoja na mama mkwe wake, Naetwe. Miguu ya Naetwe ilikuwa imekufa tangu miaka mingi, ila mdomo wake ulikuwa mzima, na aliutumia. Alipoambiwa kwamba vijana wangembeba kwa machela hadi tambarare, alikataa katakata.

"Sishushwi mlimani kama mkungu wa ndizi," alisema. "Mume wangu na mwanangu wamelala hapa. Niachieni kibuyu cha maji, mwende salama."

Nakijwa alitoka nje akalia. Aliolewa akiwa binti mdogo asiyejua hata kusonga ugali, na mwanamke huyu mwenye maneno makali ndiye aliyemfundisha kila kitu, akamkumbatia siku walipomzika Mbazi, mume wa mmoja na mwana wa mwingine. Kumwacha hakuweza. Kubaki naye kulikuwa kufa naye.

Asubuhi iliyofuata alipanda kwenye ndiva kukinga yale matone. Hakukuwa na mtu; kila nyumba ilikuwa ikifunga mizigo, na mfereji ulikuwa umejaa majani na tope kavu. Ndipo Ukungu alipopita. Alimpitia Nakijwa usoni, na mwanamke alipopangusa kope zake, vidole vyake vikalowa. Akasimama pale akiwaza. Kisha akateremka mbio hadi nyumbani, akaacha kibuyu hukohuko.

"Mama," alisema, "kuna mtu anapita kwenye mfereji wetu kila siku tangu enzi za mababu, na hajawahi kuzoa tope hata la kiganja kimoja."

Naetwe alitaka kujua ni nani huyo asiye na haya. Alipoambiwa ni Ukungu, aliinua macho kutazama pengo la mlima.

"Na mtu mmoja si msaragambo," alisema. "Sheria inataka wawili. Haya, geuka nikupande mgongoni."

Basi yule aliyekataa kubebwa kwenda chini, kesho yake kabla ya jua alibebwa kwenda juu. Nakijwa alipumzika mara tano njiani, na mara zote tano aliambiwa kwamba wanawake wa zamani hawakupumzika. Walipofika, alimketisha mama mkwe wake ukingoni mwa mfereji na kumpa kipande cha kibuyu cha kukwangulia tope. Yeye akashika jembe. Wakaanza kazi, wawili tu, katika mfereji usio na tone la maji.

Ukungu alipotokea kwenye pengo, Nakijwa alilaza jembe lake kukatiza njia.

"Bwana mpita njia, hapa pana msaragambo."

Ukungu alisita. Hakuna aliyewahi kumsemesha. "Mimi sina mikono," alijibu.

"Na mimi sina miguu," alisema Naetwe bila kuinua macho kwenye tope lake. "Nimekuja."

Ukungu aliona aibu. Alisema hana jembe wala nguvu, ana maji tu, nayo anayapeleka ng'ambo. Nakijwa akamwambia kwamba kwenye kazi ya wote kila mtu hutoa alicho nacho. Atue mzigo, atoe chake, kitakachobaki akipeleke. Basi Ukungu akatua. Alikaa kwenye miti, kwenye mawe na kwenye mabega ya wanawake wale wawili mpaka jua likapanda, huku maji yakichuruzika toka kila jani na kuingia ndivani. Kazi haikuisha siku hiyo, na sheria ni sheria, kwa hiyo kesho yake akarudi.

Siku ya nne wanakijiji walimkosa yule bibi kizee nyumbani, wakapanda na mizigo vichwani kumtafuta wamuage. Waliikuta ndiva imejaa hadi magotini. Naetwe aliwatazama wote, wazee na vijana, akawauliza kama wao ni wapita njia au ni wenyeji. Kwa vyovyote, alisema, washuke mferejini. Wakatua mizigo, wakashuka. Hakuna aliyeibeba tena ila kuirudisha nyumbani.

Na tangu siku hiyo, kila alfajiri Ukungu hutua Kirindi na kukaa hadi jua likolee, hata miezi ya kiangazi isiyo na mvua. Ng'ambo ya magharibi hufika na mzigo mwepesi, ndiyo maana kule pana miiba na mbuyu mmoja mmoja. Nanyi mkipita kwenye mfereji wa Kirindi mtaona kwamba umesafishwa wote, ukang'aa, isipokuwa kipande kimoja kifupi cha tope, urefu wa mtu aliyeketi. Wageni huwacheka wenyeji kwa uvivu huo. Hapo ndipo alipoketi Naetwe, na kwa miaka yote hii hakuna aliyethubutu kupasafisha, maana kazi ikiisha, Ukungu atakuwa huru kwenda zake.