Maharage ya Nakiete na Mgeni Ukungu

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa mbegu!
Pakawa mche!
Mche wa nani?
Wa aliyeuvumilia!

Basi sogeeni. Hapo zamani, zamani ile ambayo mbegu haikuuzwa dukani, bibi harusi akitoka kwao alitoka na kibuyu. Ndani ya kibuyu hamkuwa na shanga wala manukato. Mlikuwa na mbegu za mama yake. Ah, siku hizo! Ulimjua mke wa mtu ametoka kilima gani kwa kutazama tu shamba lake. Siku hizi tunakula maharage yasiyo na kwao.

Alikuwako binti mmoja, Nakiete, akaolewa na Mbonea, vilima vingi mbali na kwao. Mama yake alikuwa amefariki kabla ya harusi. Kaburi likabaki kule, binti akaja na kibuyu tu, punje konzi moja. Hizo zikipotea, hana tena cha mama yake duniani.

Akapanda. Mvua ikanyesha, maharage yakaota. Na mvua ilipozidi, akaja mgeni.

Mgeni gani? Ukungu! Si ule wa asubuhi unaopanda mlimani, la. Ni ule wa kuozesha majani. Mwembamba, mpole, amejifunika umande. Hana meno, ana adabu tu.

Akaenda kwenye maharage ya mama mkwe, mabichi, yanang'aa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi umande."

"Karibu, umande!"

Akaingia, akakaa, akala kimya kimya.

Akaenda kwenye maharage ya jirani, nayo yanang'aa. "Hodi!" "Nani?" "Mimi umande." "Karibu, umande!" Akala na huko.

Akaenda kwa Nakiete. "Hodi!" Jani la mlangoni likamwonja ncha ya kidole. Likajisemea, "Umande hauna ladha hii." Halikupiga kelele. Likamwacha aingie chumba kimoja, likafunga mlango, likajichoma na yeye humo humo. Pakabaki doa dogo, kavu, la kahawia. Na kabla ya kufa, jani lile likapeleka habari shinani, shina likatangaza kwa wote: "Mgeni amefika! Kazeni milango, tieni uchungu!" Majani yote yakawa machungu kama shubiri.

Madoa yale, wenzangu, ndiyo makaburi ya Ukungu. Lakini nani angejua? Jicho la mtu hupenda kinachong'aa.

Mama mkwe akapita mara ya kwanza, akacheka. "Mkwe wangu, maharage yako yana ndui?"

Akapita mara ya pili, akachuma majani yenye madoa, akayatupa. Moyo ukamuuma Nakiete.

Mara ya tatu akaja na wazee wa ukoo. "Ng'oa yote leo! Usituletee ugonjwa."

Nakiete akapiga magoti. Madoa yale aliyajua tangu utoto. Mama yake alikuwa akiyagusa na kusema, "Jani hili limekufa kwa ajili yetu, usilichume." Lakini neno la mke aliyeolewa juzi, nani alisikie? Akafikiri, kisha akasema, "Nitang'oa, mama. Ila mbegu ya kibuyu haing'olewi mpaka mjomba wangu aje kutoka kwetu ashuhudie. Ndiyo mila, kwenu na kwetu."

Wazee wakaitikia. Kweli, ndiyo mila.

"Basi mtume mtu akamwite," akasema mama mkwe.

"Nimtume nani, mama?"

"Yeyote umtakaye! Wazee wamesikia, sirudi nyuma."

"Ahsante, mama. Nimemtuma Kinyonga."

Mnacheka? Chekeni! Kinyonga akainua mguu. Akautazama. Akaurudisha. Akafikiri. Akauinua tena.

Mama mkwe akashika kiuno. "Huyu atafika lini?"

"Atafika tu, mama. Haraka haraka haina baraka."

Mama mkwe angefanya nini? Maji yakimwagika hayazoleki, na wazee walikuwa wamesikia.

Kinyonga akaenda, mvua ikanyesha. Kinyonga akaenda, Ukungu akala. Kinyonga akaenda, na yale maharage mazuri yakalala chini, meusi, yananuka. Siku mjomba alipotokea, Kinyonga begani mwake, alikuta shamba moja tu limesimama. Lina madoa, naam, lakini maganda yamejaa punje.

"Nimeitwa kushuhudia kung'oa," akasema mjomba. "Haya, kinachong'olewa kiko wapi?"

Mama mkwe akainama, akaokota jani lenye doa, akaligeuza huku na huku.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani yanaumwa. Kumbe yalikuwa vitani." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nigawie mbegu."

Mimi ningemzungusha kidogo, nasema kweli. Ningemwambia asubiri nimtume Kinyonga akazilete. Lakini Nakiete alikuwa mtoto wa mama yake. Akampa. Akampa na jirani. Akampa kila aliyekuja na kibuyu.

Msimu uliofuata, jioni moja, Nakiete alikuwa akitoka mtoni, mtungi kichwani. Akapita nyumba ya kwanza, harufu ikamfikia. Nyumba ya pili, ile ile. Nyumba ya tatu, ile ile. Kijiji kizima kilikuwa kimeinjika maharage, na harufu ilikuwa ya jikoni kwa mama yake. Akatua mtungi, akakaa chini njiani, akalia.

Mama mkwe akatoka mbio. "Nani amekuudhi, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Mama yangu amekuja."

Mama mkwe akakaa naye pale pale vumbini, wakanusa pamoja, mpaka chungu chake mwenyewe kikaungua jikoni.

Ngano yangu imefika kwake. Utamu wake nendeni nao, uchungu wake tuwaachie majani.