Nadhiri ya Mkamua Zeituni

Sogeeni karibu, na mwenye sikio zito aje mbele kabisa, maana mwishoni nitawauliza neno.

Zamani za Warumi, katika mji mmoja wa milimani Afrika ya kaskazini, waliishi marafiki watatu waliomfuata Kristo. Sperato alikuwa baharia aliyezeeka, na bandari alizokanyaga hazikuwa na idadi. Donata alikuwa msusi. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe, na aliyemsikiliza hakuondoka bila kushika mbavu. Adaukto, mwoka mikate, alikuwa na kigugumizi kizito, ila woga hakuujua. Jirani yao alikuwa Bibi Izelta. Yeye aliwapenda wote watatu, lakini miungu ya zamani hakuiacha. Kila asubuhi aliipelekea maua na kuipa habari za mtaa.

Bibi Izelta alikuwa na mjukuu, jina lake Birikta. Birikta alipokuwa mchanga, mvua ya mawe ilishuka juu ya mizeituni. Baba yake, Iddibali mkamua mafuta, alikimbilia hekaluni akapiga magoti. "Jupita, mwenye radi, ukiniachia mizeituni yangu, mtoto huyu akikua ni wako."

Mvua ikakatika. Mtoto akakua. Sasa alitakiwa anyolewe, aingie hekaluni, asitoke wala kuolewa mpaka kufa.

Siku ya kupelekwa, Birikta alikaa mlangoni pa kinu cha kukamulia mafuta, shada la maua kichwani, roho mkononi. Kuhani alisubiri uani, na majirani wamejaa.

"Baba, sitaki kwenda," alisema.

"Hata mimi sitaki uende, mwanangu. Lakini nikivunja nadhiri, Jupita ataunguza kinu. Ataunguza mji mzima."

Hapo Sperato akapita mbele. "Ndugu Iddibali, mimi nimefika kisiwani Krete. Wenyeji walinipeleka kuona kaburi la Jupita, wakanionyesha kwa fahari kama mtu anavyoonyesha kaburi la babu yake. Nilikaa juu yake nikala mkate. Aliyezikwa hushikaje radi?"

Iddibali alikuna kichwa. "Wakrete wanajulikana kwa uongo," alisema. Lakini Birikta aliona mkono wa baba umelegea kwenye bega lake.

Donata naye akashika kiuno. "Basi tuyaache ya Krete. Twende kwenye nyimbo mnazoimba wenyewe sikukuu. Si mnasema aligeuka fahali akamwiba binti wa watu? Kwa mke wa mtu akaja kwa umbo la bata maji! Kaka Iddibali, jirani mwenye tabia hiyo akibisha hodi kwako, utamfungulia?"

"Nitamfungulia mbwa!"

"Na binti yako unampa amlinde?"

Uani palilipuka kicheko. Iddibali alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akamtazama Birikta na kicheko kikamkauka. Alikuwa baba, na alikuwa ameona aibu.

"Akili yangu imekubali," alisema polepole. "Magoti ndiyo hayajakubali."

Na kweli, wakati huohuo wingu jeusi lilipanda juu ya mlima, ngurumo ikatikisa mitungi. Watu wakapiga mayowe. "Amesikia! Mpelekeni msichana!"

Adaukto akajipenyeza katikati ya watu. Alishika ngazi, akapanda juu ya paa la kinu, akasimama wima huku upepo ukimvuta kanzu.

"Shuka!" Sperato alifoka. "Usimjaribu Mungu!"

"Si-simjaribu Mu-Mungu. Namjaribu Ju-Jupita. Ka-kama ana hasira, anianze mi-mimi."

Ngurumo ikapiga tena. Birikta alifumba macho. Alichosikia baadaye kilikuwa wimbo wa Kristo: Adaukto akiimba, bila kigugumizi hata kidogo, kwa maana katika kuimba ulimi wake haukukwama. Kisha matone mazito yakaanza, mvua njema, ile inayonenepesha zeituni. Birikta alifumbua macho, akamwona mwoka mikate amelowa chapachapa, mzima, anacheka. Naye akaupokea wimbo kwa sauti yake yote. Iddibali akamvua binti yake lile shada.

Lakini kuhani alisimama mlangoni. "Mimi sina shindano na mwoka mikate," alisema. "Nadhiri ilitamkwa hekaluni mbele ya watu. Siwezi kurudi mikono mitupu, na mji hautalala kwa hofu."

Majirani wakaanza kunong'ona. Ndipo Bibi Izelta alipojifunga mtandio.

"Nitakwenda mimi. Damu ni ileile."

"Bibi, hapana!" Birikta alimshika mkono.

"Niache, mjukuu wangu. Wewe pale utanyauka. Mimi miungu imenizoea, na nywele zenyewe zimebaki chache. Ila kuhani, mimi jioni nakwenda sokoni kununua samaki. Tusikosane kwa hilo."

Kuhani alimtazama yule mkongwe, akashindwa kujizuia kutabasamu. Wakaondoka pamoja, bibi akimshika kuhani mkono asiteleze kwenye tope.

Mizeituni ilizaa mwaka ule. Birikta alimfuata Kristo, akaolewa na mume aliyempenda, akajifungua binti mnene mwenye sauti kama tarumbeta. Siku ya kumpa mtoto jina, Iddibali alisema, "Jina litolewe na yule aliyemwokoa mama yake."

Ubishi ukaanza juu ya sahani za dengu.

"Mimi nilimtoa Jupita mbinguni nikamrudisha kaburini," alisema Sperato.

"Ukajibiwa kwamba Wakrete ni waongo," alisema Donata. "Mimi ndiye niliyemgusa baba mtu."

"Ma-magoti yake yalitetemeka mpaka ni-nilipopanda," alisema Adaukto.

"Wote mlisema na kupanda," alisema Bibi Izelta, aliyetoroka hekaluni na kikapu chake cha samaki, "na kuhani akabaki mlangoni. Aliyekwenda ni nani?"

"Lakini Bibi," alisema Donata, "mtoto wa Kikristo atapewaje jina na mtumishi wa Jupita?"

"Kwani Jupita ndiye aliyekwenda badala ya mama yake?"

Wakacheka wote. Birikta alicheka kuliko wote, maana kila aliyesema alimwona ana haki. Mtoto akaamka, akalia kudai jina lake.

Nami hapo ndipo ninaponyamaza. Ninyi mliosikia yote, semeni: mtoto analia, je, mngemkabidhi nani ampe jina?