Juu Mzima, Chini Unga

Paukwa!

— Pakawa!

Ukungu ukishuka?

— Tushikane!

Mbona sauti ndogo? Hamjala nyie? Ukungu ukishuka?

— Tushikane!

Haya, sogeeni motoni. Hadithi hii haisikilizwi kwa mbali. Na wewe Kiangi, acha kuchokoa kuni, cheche zitakuingia machoni halafu mama yako anigombeze mimi.

Hapo zamani za kale, mlimani kabisa, mahali ambapo ukungu hushuka mchana kweupe hata mkono wako usiuone, aliishi mtu aitwaye Mrindoko. Alikuwa na mke, Namsifu, na mtoto mmoja tu, Naetwe, msichana wa kimo chako wewe hapo. Walikuwa na mbuzi, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho, imepakana na msitu. Na msituni alikaa nani?

— Zimwi!

Zimwi, ndiyo. Lakini Zimwi huyu hakuwa mtu wa kelele. Zimwi wa kelele ana nafuu, unamsikia ukakimbia. Huyu alikuja na ukungu, polepole, vidole vyake virefu kama mizizi. Uzio hakuweza kuuruka, tumbo lilimwelemea. Aliinama tu, akapapasa nguzo mguuni, pale udongo unapokutana na hewa, akauliza kwa sauti nyembamba:

"Mti, mti, mguu wako u mzima?"

Na mti, wanangu, haujui kusema uongo. Ukiwa mzima unajibu, "Juu mzima, chini chuma!" Zimwi anasonga mbele, anauliza unaofuata. Lakini ukiwa umeoza unajibu, "Juu mzima, chini unga!" Hapo Zimwi hucheka, akausukuma kwa kidole kimoja, akapita.

— Mama yangu wee!

Bado. Mama utamwita baadaye.

Sasa Mrindoko alikuwa hodari, simkatai, lakini haraka yake ilikuwa ugonjwa. Siku aliyotaka uzio, aliutaka siku hiyo hiyo. Akaingia msituni, akaukuta mkuyu, akaupiga shoka. Shoka likazama kama kwenye muhogo.

"Huu ndio mti!" akasema. "Laini, mweupe, haunichoshi."

Namsifu, ambaye baba yake alikuwa mpasua mbao, akachukua mchi wa kutwangia akagonga nguzo moja. Du, du, du.

"Baba Naetwe, huu unalia kama ngoma. Mti unaokatika upesi, hata mchwa anaukata upesi."

"Mama Naetwe, rudi jikoni, chungu kinafurika."

Na chungu hakikuwa kinafurika! Uzio ukasimama, mweupe, unapendeza. Mvua ikanyesha, jua likawaka, mvua ikanyesha tena. Siku moja ukungu ukashuka. Wakajifungia ndani wote watatu, wakasikia:

"Mti, mti, mguu wako u mzima?"

"Juu mzima..."

— Chini unga!

Chini unga! Wakasikia kicheko. Wakasikia mbuzi wakilia, kisha hawakuwasikia tena. Ukungu ulipoondoka, zizi lilikuwa tupu.

Mrindoko akaona haya. "Kosa ni la mkuyu," akasema. "Watu wenye akili hujenga kwa mwerezi." Hapo alisema kweli. Akapanda juu msituni, akaukuta mwerezi mkongwe, mnene, umejaa kuvu la kijani.

"Nikate mimi," mwerezi mkongwe ukamwambia. "Moyo wangu ni mwekundu. Mchwa wakinionja hutema."

Mrindoko akautazama unene wake, akautazama msumeno wake, akachoka kabla hajaanza. Pembeni kulikuwa na miche iliyonyooka, mingine minene kama paja.

"Na nyinyi je?"

"Sisi bado tunakua," miche ikasema. "Moyo hatujaupata."

"Mwerezi ni mwerezi tu!" Akaikata, mvua ikinyesha. Akaisimika siku hiyo hiyo, mibichi, na magome yake.

Namsifu akatazama pale ilipokatwa. "Baba Naetwe, kiini kiko wapi? Kile chekundu ndicho kinachokaa. Huu weupe wote ni chakula cha mchwa."

"Lakini si unanukia mwerezi?"

"Pilau nayo inanukia. Utaijengea uzio?"

Hakusikia. Mvua ikapita, jua likapita, nguzo zikajipinda, magome yakashika maji. Ukungu ukashuka.

"Mti, mti, mguu wako u mzima?"

— Juu mzima, chini unga!

Ng'ombe akaliwa, na pembe zake. Halafu, sikilizeni, Zimwi akaja mpaka mlangoni. Akakwaruza mbao kwa ukucha mmoja. "Nimekula mbuzi," akasema taratibu. "Nimekula ng'ombe. Humo ndani nanusa mtoto. Leo nimeshiba. Nitarudi."

Naetwe akamng'ang'ania mama yake mpaka kucha zikaacha alama. Kwa mara ya kwanza Mrindoko akamwambia mkewe, "Nionyeshe."

Wakapanda wote kwenye mwerezi mkongwe. Wakaukata, wakaupasua. Weupe wakaubandua, wakabakiza moyo mwekundu. Wakazipanga nguzo kivulini juu ya mawe, hewa ipite, wakasubiri zikauke. Kiangazi chote! Kisha wakazichoma miguu kwa moto mpaka ikawa myeusi, wakazisimika na mawe chini. Namsifu akagonga kila moja kwa mchi. Ngaa! Ngaa! Zote zikalia kama kengele.

Mti ukaisha, likabaki shimo moja tu bila nguzo, nyuma ya jiko. Namsifu akaenda kisimani. Mrindoko akatazama kileleni, akaona mawingu yanakusanyika. Mikono inamuuma. Mwerezi mwingine uko mbali. Na pale chini palikuwa na nguzo moja ya zamani, ya ile miche.

— Asiichukue!

Aliichukua. Aliichoma mguu kidogo, akaipaka masizi na udongo mwekundu, akaisimika. Hata mimi na nyie tusingeitambua.

Namsifu aliporudi akauliza, "Zimetosha?"

"Zimetosha."

Naetwe akamshika baba yake kidole. "Baba, sasa tuko salama?"

"Tuko salama, mwanangu."

Mti haujui kusema uongo. Na mtu?

— Anajua!

Anajua sana. Mvua zikaja, zikakaa. Siku moja mchana, Namsifu na Naetwe wanachambua maharage, wanaimba, ukungu ukashuka. Hawakuogopa. Walikuwa na uzio. Aliyeogopa alikuwa mmoja tu, amekaa kwenye kigoda, jasho linamtoka.

"Mti, mti, mguu wako u mzima?"

"Juu mzima, chini chuma!"

Langoni. Kisha ubavuni. "Chini chuma!" Kwenye kona. "Chini chuma!" Sauti inakuja nyuma. Inakuja jikoni.

Mrindoko akainuka kimya, akatokea mlango wa nyuma, akaishika ile nguzo. Ikatoka mkononi mwake kama jino bovu. Mguu wote unga. Atafanya nini? Vidole anavisikia vikipapasa nguzo ya jirani. Akailaza ile mbovu, akatia mguu wake mwenyewe shimoni, akasimama wima, mikono ubavuni.

Kiganja cha baridi kikamshika kifundo.

"Mti, mti, mguu wako u mzima?"

"Juu mzima, chini chuma."

"Mbona wa moto?"

"Nilichomwa... nilichomwa mguu, nisioze."

"Mbona unatetemeka?"

"Upepo."

"Ukungu hauna upepo," Zimwi akasema.

Kiangi, njoo ukae huku kwangu. Njoo.

Zimwi akaanza kubana. Kucha zikaingia kwenye nyama. Ndani ya nyumba Naetwe akauliza, "Mama, baba yuko wapi?" Mrindoko akasikia sauti ya mwanawe, akafumba kinywa. Nguzo hailii. Kucha zikafika mfupani, zikakwaruza, zikakwama.

"Chuma," Zimwi akanung'unika. Akasonga mbele.

Ukungu ulipoondoka, Namsifu akatoka na mchi wake. Akamkuta mumewe amesimama ndani ya uzio, nywele zimekuwa nyeupe. Miguuni pake imelala ile nguzo, mvua imeosha masizi yote. Namsifu akaitazama nguzo, akamtazama mumewe. Akamkumbatia palepale shimoni, akalia.

"Mama Naetwe," Mrindoko akasema, "niletee shoka. Nikaifuate ile nguzo ya moyo mwekundu iliyobaki."

"Kwa mguu huo?"

"Kwa mguu huu huu."

Alichechemea mpaka alipozikwa. Na kijijini kwake, fundi akichimba shimo la nguzo, watu walimwambia atie kwanza mguu wake mwenyewe mle ndani, asimame kidogo, ndipo achague mti.

Basi msiniulize mafunzo, mmeyasikia. Ukidanganya mahali pasipoonekana, ipo siku utasimama hapo wewe mwenyewe. Hadithi yangu imeishia hapo, nyuma ya jiko.

Nendeni mkalale. Nini tena, Kiangi? Uzio wetu? Wa mwerezi, babu yako aliujenga. Nenda kaugonge kesho. Leo shika mkono wa dada yako.