Nani Apande Gari la Jiko la Nyuma?

Sogeeni, na mwenye simu aizime. Leo nimewaletea kesi, na mahakimu ni nyinyi.

Katika mji mmoja waliishi watu watatu wenye vipaji. Bi Mwanaidi alikuwa mkutubi: mwambie kinachokukera, atakutolea kitabu chake hapo hapo. Siwema alikuwa fundi cherehani: nguo akiiona mara moja kwenye televisheni, kesho anaishona vilevile. Na Chande, mtafsiri wa filamu kwenye kibanda cha video, alikuwa na sauti, jamani! Tena alijua kukatisha pale patamu, hadi watu wapige kelele, "Endelea bwana!"

Siku hizo mji mzima ulikuwa umeshikwa na tamthilia ya Jiko la Nyuma. Kila jioni mama mkwe Zaina anamtilia mke wa mwanawe kitu kwenye uji, na watu wanaitukana televisheni. Maktaba huku tupu. Bi Mwanaidi akaambiwa hali ikiendelea hivyo, jengo litageuzwa stoo ya saruji. Alilia, akafuta machozi, kisha akawaita wenzake wawili.

"Kama watu wanamfuata Zaina," akasema, "basi Zaina ahamie kwangu."

Siwema akashona gauni la zambarau la Zaina na kilemba chake kile cha kujidai, akalivisha sanamu la dukani, akalisimamisha dirishani. Ndipo kikazuka kizaazaa! Mama mmoja akachungulia, akapiga ukelele: "Zaina yumo maktaba!" Watu wakaacha sufuria motoni, wakaja mbio kumsema.

"Toka nje, mchawi wewe! Mtoto wa watu kakukosea nini?"

Wakaingia, wakakuta sanamu. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Wangecheka na kuondoka, lakini Bi Mwanaidi alikuwa ameshapanga vitabu miguuni pa Zaina: cha mimea yenye sumu, cha sheria za mirathi, cha mapishi ya uji, na riwaya za wakwe wasioelewana. Juu ya kila kimoja kikaratasi: "Zaina hataki usome hiki." Nani atakubali kupangiwa na Zaina?

Wangetazama majalada na kuyarudisha, lakini Chande akapanda juu ya kiti, akaanza kusoma riwaya kwa sauti ile ile ya kibandani. Mke anainua kikombe, mlango unagongwa, anageuka... Pap! Akafunga kitabu. "Anayetaka kujua nani kagonga, akaazime!"

Wee! Viliazimwa vyote, hata cha kilimo cha vitunguu.

Habari za stoo zikaishia hapo. Wenye tamthilia waliposikia, wakafurahi, wakatuma gari limchukue mtu mmoja, mmoja tu, akaone sehemu ya mwisho ikirekodiwa, ajue kabla ya nchi nzima Zaina anaishia wapi.

Gari limefika. Wote watatu wamesimama mlangoni, wamependeza.

"Bila gauni langu, nani angeingia?" anauliza Siwema.

"Wangeingia wakute nini, mwanangu?" anajibu Bi Mwanaidi.

"Na bila domo hili," anasema Chande, "nani angeazima, mama zangu?"

Dereva anapiga honi. Haya, mahakimu, ungekuwa wewe, ungemfungulia nani mlango? Semeni upesi, maana gari linaunguruma, na mimi nakatisha hapa hapa patamu.