Mzee wa Supu Anaomba Kuingia

Mwalimu mmoja alikuwa na darasa lisilo na kuta. Halikuwa na paa, wala madawati, wala vumbi la chaki, lakini mlango lilikuwa nao, na mwenye kuufungua alikuwa yeye peke yake. Jina lake Zefania. Alifundisha darasa la saba katika shule moja ya milimani. Alikuwa mcha Mungu, si mlevi, si mtu wa makuu, na daftari lake la mahudhurio halikuwahi kuwa na doa tangu aanze kazi.

Mwaka ule maradhi yalifunga shule zote. Watoto wakarudi majumbani, mtihani ukabaki palepale ulipokuwa, maana mtihani hauugui. Mwalimu mkuu akamwita Zefania, akamwambia kwamba siku hizi watu wanafundisha kwa simu, basi na yeye aanzishe darasa la mtandaoni. Zefania hakujua jambo hilo hata linaanzia wapi. Alikaa siku tatu na binti wa shangazi yake aliyesoma mjini, akaonyeshwa pa kubonyeza ili sura yake ionekane, pa kubonyeza ili ubao uonekane, na pa kubonyeza ili watoto wote wanyamaze kwa mpigo mmoja. Hilo la mwisho alilipenda kuliko yote. Kisha akaandika namba ya kuingilia darasa hilo kwa wino mzito, akaibandika kwenye lango la shule ili kila mwanafunzi aje aichukue.

Mwalimu mkuu alikuwa na onyo moja. Katika shule ya jirani mtu asiyejulikana alijipenyeza kwenye darasa la namna hiyo, akawaonyesha watoto mambo ya aibu. "Mlango ni wako, Zefania," alisema. "Fisi akiingia zizini, mimi sitamuuliza fisi." Neno hilo lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Akaweka sharti kwamba hakuna aingiaye mpaka yeye mwenyewe amkubali, na moyoni akaapa kwamba atamkubali yule tu ambaye jina lake limo daftarini.

Katika daftari hilo, namba kumi na saba, alikuwamo binti aitwaye Nakijwa. Alilelewa na babu yake, mzee Kajiru, na shule ilipofungwa mzee alikuja kumwombea ruhusa ya kuondoka moja kwa moja. Shangazi wa binti, huko tambarare, alikuwa amejifungua mapacha na alitaka mtu wa kumsaidia kulea. Zefania alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. "Babu, niachie huyu mpaka mtihani tu. Huyu akikosa sekondari, basi shuleni kwetu hakuna wa kuingia."  Mzee akasema sawa, binti atakaa maadamu mwalimu anamfundisha. Siku mwalimu atakapomwacha, naye atamwacha aende. Wakaagana hivyo, na Nakijwa aliyekuwa amesimama nyuma ya babu yake alisikia kila neno.

Darasa likafunguliwa siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi. Watoto walibisha mmoja mmoja, na majina yao yakajitokeza kwenye kioo. Zefania alilitazama jina, akatazama daftari, akakubali. Walipofika ishirini na wawili, kioo kikaandika: Mzee wa Supu anaomba kuingia. Chini yake palikuwa na maneno mawili, Mkubali na Mkatae. Zefania akacheka. "Wanangu," akasema, "mlangoni kuna mzee anauza supu. Mwambieni leo hapa ni hesabu, tunagawana sehemu, supu hatugawani." Watoto walikuwa wamenyamazishwa, lakini meno yao aliyaona. Akabonyeza Mkatae. Mtoto mmoja akaweka alama ya mkono ulionyooshwa. Zefania akamwambia maswali ni mwishoni, na mwisho ulipofika muda ulikuwa umekwisha.

Siku ya pili Mzee wa Supu alirudi. Siku ya tatu pia. Siku nyingine alibisha mara mbili, hata mara tatu, ndani ya somo moja. Zefania hakucheka tena. Aliona kwamba huyu ndiye fisi aliyeambiwa, na kwamba fisi huyu ana subira. Alijifunza kumkataa bila kukatiza sentensi, kidole kikifanya kazi yake huku mdomo ukieleza sehemu na desimali. Wazazi walimsifu kwamba darasa lake lina utulivu. Mwalimu mkuu alimtaja mbele ya wenzake. Baada ya siku kumi na tisa za masomo Mzee wa Supu alikoma, na Zefania akamshukuru Mungu kwa kulinda zizi.

Na kila siku, mbele ya namba kumi na saba, aliandika kwa wino mwekundu: hayupo. Jambo hilo lilimuuma. Siku za kwanza alimsubiri. Kisha akaanza kumsema moyoni, kwamba alimpigania mbele ya babu yake, akajidhalilisha kwa kuomba, na mtoto mwenyewe amelala. Angeweza kutuma mtu. Njia ya kwenda kwao ilikuwa kilima kimoja tu. Lakini mtu aliyekwazika hupenda kukaa na kwazo lake, hulilea kama kifaranga, na Zefania alilea lake.

Shule zikafunguliwa wiki tatu kabla ya mtihani. Aliita majina, na namba kumi na saba haikuitikiwa. Mwalimu wa darasa la sita, mama mmoja asiyemung'unya maneno, akamwambia, "Si uende ukamwone? Au miguu nayo imekuwa ya mtandaoni?" Zefania akajibu, "Aje yeye. Aliyeniacha ni yeye." Akangoja. Wiki zikaisha, mtihani ukaja siku mbili, ukapita, na dawati moja lilikaa na karatasi isiyoguswa. Ndipo ikaja barua ya kutaka maelezo kuhusu mtahiniwa ambaye hakutokea. Zefania akachukua daftari lake kwapani, akashuka kilima. Upendo haukumtoa nyumbani; ilimtoa barua.

Kwenye njia panda palikuwa na kibanda, sufuria kubwa juu ya mafiga, na wanaume wanne wenye mabakuli. Mpishi alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu, maana hilo daftari limekutangulia. Kaa. Kichwa cha mbuzi kimeiva, ndimu ipo. Ukimaliza bakuli hili utafaulu hata wewe."

Wanaume wakacheka. Zefania naye akatabasamu, akasema hatakaa, anatafuta tu nyumba ya mzee Kajiru, babu yake Nakijwa.  Mzee akafunika sufuria.

"Wewe ndiye Zefania?"

"Ndiye mimi."

"Sasa unamtafuta wa nini, na ulikwisha kumkataa?"

"Mimi sikumkataa, mzee wangu. Hakuja hata siku moja. Hili hapa daftari."

Mzee hakulitazama daftari. Alijifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu mfukoni, akaishika mbele ya uso wa mwalimu. "Mzee wa Supu ni mimi," alisema. "Simu ni yangu na jina ni langu, lakini aliyekuwa akibisha ni Nakijwa."

 Mzee akaendelea, bila kupandisha sauti. Kwa kina Nakijwa hakuna simu ya kioo, kwa hiyo binti alikuja kuazima yake. Alifika mapema, akaosha mabakuli yote bila kuambiwa, halafu akakaa kwenye jiwe nyuma ya kibanda na daftari lake magotini. Alikuwa amevaa sare. "Nikamuuliza, mama, sare ya nini na shule imefungwa? Akasema, mwalimu ataniona." Jina lile aliandika muuza simu siku mzee alipoinunua, kwa mzaha, na mzee hakujua linafutwaje. Nakijwa naye alilelewa vizuri. Hakuthubutu kugusa jina la mtu kwenye simu ya mtu. Kila asubuhi kioo kilimjibu kwamba mwenye darasa amekataa. Alisoma maneno hayo, akarudia kubisha, akayasoma tena. Mwenzake mmoja akamwambia kwamba ndani walimcheka. Bado akaja kesho yake.

"Mimi nilidhani unajua ni nani," mzee alisema. "Nilidhani mna ugomvi wenu. Siku ya kumi na tisa alikifuta kioo kwa pindo la sketi, akanirudishia, akasema asante, babu. Jioni akamwambia Kajiru kwamba mwalimu amemwacha. Kajiru ni mtu wa neno lake. Kesho yake alimpeleka stendi."

 Zefania alitaka kusema habari ya fisi, na ya zizi, na ya onyo la mwalimu mkuu. Alifungua daftari, sijui ili amwonyeshe nani, na macho yake yakaangukia mstari wa kumi na saba. Siku zile kumi na tisa zote alikuwa ameandika hayupo, na hakuna mtoto katika darasa lile aliyekuwapo kama yeye.

Alikwenda hata hivyo nyumbani kwa mzee Kajiru. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Akabisha hodi, akangoja. Akabisha ya pili. Ndani mtu alikohoa, kikohozi cha mzee. Akabisha ya tatu. Hakuitikiwa. Kwa kuwa hodi ni tatu, akageuka akaondoka. Siku hiyohiyo alipata namba ya shangazi akapiga. Alisikia watoto wawili wachanga wakilia, na sauti ya shangazi ikimwita binti, kisha ikarudi ikasema kwamba Nakijwa anashukuru, anamwamkia mwalimu, ila yuko kazini na hana la kuongea.

Jumapili Zefania alibaki kanisani watu walipotoka. Alipiga magoti akaungama. Hakumsingizia mwalimu mkuu wala simu. Alisema aliogopa lawama kuliko alivyompenda mtoto. Alisema alipenda darasa lililonyamaza, na kwamba mkono ulinyooshwa mbele yake akauambia ungoje. Alisema kiburi chake kilikaa wiki tatu kikingoja kuombwa msamaha, na wiki hizo tatu hazirudi. Alisema yote. Akafika mahali pa kufungia sala, pale ambapo kila Mkristo husema anaomba haya kwa jina la Mwokozi, na ulimi wake ukakwama. Kwa maana jina lile halikuwa la Zefania. Tangu utotoni alikuwa akibisha kwa jina la mwingine, na hakuwahi hata siku moja kuulizwa kwa nini haji na la kwake. Alijaribu kulisema akashindwa, akajaribu tena. Mhudumu alipokuja kufunga alimkuta bado yuko magotini, sala yake haijafungwa, na hatujaambiwa kama aliifunga.

Ndugu zangu, sisi sote tunaobisha kule juu kwa jina la kuazima, mwenye mlango akiamua kutukagua kwa daftari kama tunavyokaguana sisi, ni nani kati yetu ataingia?