Finjani za Yumma Hissa

Wahenga hawakusema kwamba mazoea ni mabaya, wala hawakusema kwamba ni mazuri. Walisema tu kuwa mazoea yana taabu, kisha wakanyamaza, wakatuachia wenyewe kazi ya kuitafuta hiyo taabu. Maana yao ni kwamba mtu akishakizoea kitu, hata kile alichokuwa akikilalamikia asubuhi na jioni, siku ya kuachana nacho atakiona cha mtema kuni. Asiyesadiki na asikilize habari za Zacharia.

Zacharia alizaliwa Nyamira, kwenye vilima vya chai ambako mvua hunyesha alasiri baada ya alasiri kama mfanyakazi anayeogopa kuchelewa zamu. Alipofika Riyadh kuwa dereva wa nyumbani alikuwa na miaka thelathini na mitatu, leseni safi na matumaini tele. Kazi aliyopewa ilikuwa moja: kumwendesha mama mzazi wa bosi wake, bibi wa miaka themanini na ushei aliyeitwa Hissa. Nyumba nzima ilimwita Yumma, yaani mama, na Zacharia naye akamwita hivyo hivyo.

Mwaka wa kwanza hakuona cha kupenda katika mji ule. Hewa ilikuwa kavu hata midomo ikampasuka. Vumbi liliingia masikioni, kwenye mikate, na ndani ya kioo cha saa yake. Watu wenyewe ndio waliomshangaza zaidi. Mtu mzima, mwenye afya na miguu yake miwili, alisimamisha gari mbele ya duka, akapiga honi pasipo kushuka, na muuza duka akatoka mbio na gilasi ya chai.

"Kwetu ukimpigia mtu honi namna hiyo anakutokea na panga," alimwambia Metrine, mwanamke wa Bungoma aliyekuwa akifanya kazi za ndani katika nyumba ile kwa mwaka wa sita.

"Utazoea," Metrine alimjibu huku akipepeta mchele.

"Kuzoea? Mimi nimekuja kutafuta, sikuja kuzoea."

Kila asubuhi Yumma aliamuru chetezo cha udi kiwekwe ndani ya gari, madirisha yote yamefungwa, mpaka viti vishibe moshi. Zacharia alipiga chafya hata machozi yakamlengalenga. Hayo yote aliyavumilia. Kilichomshinda ni safari za alasiri.

Ikifika alasiri, na mbingu zikiwa na walau kipande cha wingu cha kufungia vitumbua, Yumma alitoka na dele lake la kahawa, tende na finjani mbili, akaketi kiti cha nyuma. "Yalla, Zakaria. Twende tukaitafute mvua." Wakatoka mjini mpaka jangwani Thumama, na huko Zacharia akakuta ajabu yenyewe: magari mamia kwa mamia, mazulia yametandikwa mchangani, familia nzima nzima zimekaa zikiangalia juu. Matone matano yakianguka, wazee wenye ndevu nyeupe walisimama wakapokea kwa viganja, na akina mama wakapiga vigelegele. Zacharia alibaki ndani ya gari, kioo juu, akicheka peke yake. Kwao mvua ilikimbiwa kwa jani la mgomba kichwani.

Siku ya kwanza ya safari hizo ndiyo iliyokuwa na kisa. Yumma alimimina kahawa ya iliki, ya rangi ya manjano, chungu kuliko mwarobaini, akampa Zacharia. Akanywa akarudisha finjani. Yumma akaijaza tena. Akanywa, akarudisha, ikajazwa. Zacharia alikuwa amelelewa vizuri. Kwao kumkatalia mzee kitu alichokupa kwa mkono wake ni utovu wa adabu usiosahaulika. Yumma naye alikuwa amelelewa vizuri. Kwao mgeni hanyimwi kahawa mpaka mwenyewe aonyeshe kwamba ametosheka. Basi adabu mbili zikakutana jangwani, hakuna iliyokubali kushindwa. Zacharia alikunywa finjani kumi na moja. Alirudi nyumbani moyo ukimdunda kama kinu cha harusi.

Metrine aliposimuliwa alicheka mpaka akashika ukuta. "Wee Zacharia! Tikisa finjani! Ukimaliza itikise hivi mkononi, mara mbili tatu, ndiyo ajue imetosha. Usipotikisa atakumiminia mpaka Yesu arudi."

Tangu siku hiyo Zacharia alikunywa moja tu, akaitikisa upesi kama mtu anayekung'uta siafu.

Lakini maji hutafuna jiwe polepole. Alasiri moja walikaa Thumama mpaka jua likaelekea kuchwa, na mvua haikuja. Yumma aliuliza, macho yake yakiwa kwenye upeo wa jangwa, "Zakaria, mvua ya kwenu ikoje?"

Kiarabu chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alijaribu. Alimweleza jinsi inavyoanza kwa upepo baridi kutoka juu ya vilima, jinsi kuku wanavyoijua kabla ya watu, jinsi inavyopiga mabati hata mwalimu darasani akanyamaza kwa kukosa sauti ya kushindana nayo. Alimweleza harufu ya udongo mwekundu. Yumma alifumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, tende moja mkononi, na uso wake ukalainika kama wa binti. "Tena," akasema. "Nieleze tena."

Ikawa desturi. Kila wakienda, Zacharia alisimulia mvua ya Nyamira, na kila akisimulia aliiona yeye mwenyewe ikitembea juu ya mchanga ule, ikivuka barabara, ikija. Halafu akaanza kuyasoma mawingu ya pale. "Hapana, Yumma, si lile. Lile la kushoto ndilo lenye maji." Aligeuza gari, wakalifuata wingu la kushoto, na mara nyingi likawapa walichotaka. Yumma alipiga makofi akiwa kiti cha nyuma. Zacharia alifurahi pia, ila ukimwuliza angekuambia kazi ni kazi.

Mwaka wa tatu ulipoingia, bosi alimwita. Ndugu yake wa Jeddah alihitaji dereva. "Nenda ukakae mwezi mmoja," bosi alisema. "Ukipendezwa, nitahamishia ikama yako, kibali chako cha kuishi na kufanya kazi, kwake, nami nitatafuta dereva mwingine. Ila ikishahamishwa, halas. Hakuna kurudi huku."

Zacharia alikubali kabla sentensi haijakauka. Miaka miwili mizima Allan, rafiki yake wa utotoni aliyekuwa mlinzi huko Jeddah na kupanga chumba mtaa wa Kandara, alikuwa akimsifia bahari, samaki na watu wanaopenda mzaha. Asubuhi ya kuondoka Yumma alimpa finjani moja ya kahawa mlangoni. Zacharia akanywa, akatikisa.

"Huko Jeddah," Yumma aliuliza, "utamtazamia nani mawingu?"

Zacharia aliirudisha finjani. Alibeba begi lake akaenda.

Jeddah haikumdanganya. Alipewa chumba chenye dirisha la kutazama maji, na Ijumaa nzima ikawa yake, kitu ambacho kwa Yumma hakikujulikana. Kazi yenyewe ilikuwa kupeleka mapazia kutoka duka la bosi mpya, mtaani Al-Baghdadiyah. Allan alimzungusha kila mahali. "Umeona maisha, buda? Riyadh ni kambi. Huku ndiko kuishi."

"Ni kweli," Zacharia alijibu, na wiki ya kwanza alimaanisha.

Wiki ya pili mambo yakaanza kumfuata taratibu, kama yale yanayomjia mtu akiwa kati ya usingizi na kuamka. Alisimamisha gari mbele ya duka Kandara, na kabla hajafikiri mkono wake ulikuwa kwenye honi, akingoja chai. Allan alimkodolea macho: "Hata wewe?" Shati lake likapoteza harufu ya udi, akainusa mikono yake ikinuka sabuni tu, akahisi kama amevaa nguo ya mtu mwingine. Akanunua udi kidogo, akauchoma ndani ya gari vioo vikiwa juu, na safari hii Allan ndiye aliyepiga chafya. Ikifika alasiri macho yake yalipanda juu yenyewe. Juu hapakuwa na kazi yake. Watu wa Jeddah walipotajiwa mvua waliingiwa na hofu, kwa kuwa mitaa yao hujaa maji. Hakuna aliyetandika zulia kuingoja.

Siku moja bosi mpya alimkaribisha chai ya nanaa. Zacharia alikunywa, akaitikisa gilasi mara tatu, akairudisha. Bosi alicheka kwa furaha. "Ala! Wewe ni mtu wa Riyadh kabisa!"

Wenzake dukani nao wakacheka. Zacharia alicheka pia, lakini neno lile lilimwingia kifuani likakaa. Mtu wa Riyadh. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye ni mtu wa mahali popote ila Nyamira.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu. Jumapili karatasi za ikama zingetiwa sahihi. Alhamisi alasiri alikuwa ufukoni na Allan, samaki wa kukaanga mbele yao, simu ilipolia. Alikuwa Metrine.

"Huku mawingu yamekuja," alisema. "Lakini Yumma hatoki. Mjukuu wake alimpeleka juzi wakarudi bila tone. Anasema yule kijana anatazama barabara tu."

"Ameniulizia?"

"Hajakuulizia." Metrine alishusha sauti. "Ila kila alasiri bado anatoa finjani mbili."

Zacharia alikata simu akatazama bahari. Ilikuwa nzuri. Ilimetameta mpaka mwisho wa macho, maji matupu, maji mengi kuliko mvua zote za Nyamira, na hakuna aliyekuwa akiyangoja. Moyo ulimwuma, na safari hii hakujificha nyuma ya neno kazi. Alimpenda mama yule. Aliupenda mji wake mkavu, vumbi lake, honi zake na wazee wake wanaokinga matone kwa viganja.

"Narudi Riyadh," alisema.

Allan aliweka samaki chini. "Umerogwa? Unaacha chumba cha bahari na Ijumaa yako, urudi kufukuza mawingu na nyanya wa watu?"

"Ndiyo."

"Na Jumapili ikipita huwezi tena kubadilisha nia. Mlango wa huku utafungwa."

"Najua, ndugu yangu. Ule wa kule ndio nisiotaka ufungwe."

Allan alimsukumia kipande kikubwa cha samaki. "Basi kula. Jangwani hakuna hawa."

Usiku huo huo akawapigia simu mabosi wote wawili. Yule wa Jeddah alisikitika lakini akamwombea heri, yule wa Riyadh alisema neno moja tu, "Njoo." Ijumaa Zacharia alipanda basi, na Jumamosi saa tatu asubuhi alishuka Riyadh. Hewa kavu ilimpiga midomoni akatabasamu. Alipofika nyumbani Yumma hakumwamkua kwa maneno mengi. Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, akamwita Metrine. "Lete chetezo. Huyu ananuka samaki."

Alasiri ile walikuwa Thumama. Mawingu yalitanda upande wa mashariki, makubwa, ya kijivu. Magari yote yalielekea huko. Zacharia alishusha kioo akanusa upepo.

"Si hayo, Yumma. Tungoje. Ni hili dogo hapa nyuma yetu."

Walingoja peke yao, milango imefunguliwa. Yumma alimimina kahawa. Zacharia alianza kusimulia upepo wa vilimani na kuku wanaojua, na hakuwa amefika kwenye mabati tone la kwanza lilipogonga kioo cha mbele. La pili likafuata, kisha mengi. Harufu ya mchanga uliolowa ikapanda, naye hakuweza kusema kama ni ya Thumama au ya Nyamira. Yumma alinyoosha kiganja nje. Zacharia naye akanyoosha chake.

Alimaliza finjani yake akairudisha. Yumma alishika dele, akasubiri mkono wa dereva wake ufanye kama ulivyozoea. Haukufanya.

"Hujatikisa," alisema.

"Sijatosheka, Yumma."

Akamjazia. Akanywa akarudisha, akajaziwa tena, na mvua ikaendelea kunyesha juu ya gari. Ilipofika finjani ya kumi na moja Zacharia alijua kwamba siku hiyo hatapata usingizi, na kwamba bado hataitikisa. Kweli wahenga hawakukosea: mazoea yana taabu.